Bafu la Mama Mkwe

Fundi Masunga aliyajua mabafu ya Bariadi kuliko wenye nyumba walivyodhani. Aliyajua ya walimu, ya wauguzi, na ya wanunuzi wa pamba waliojenga majumba mwaka bei ilipokuwa nzuri kisha wakashindwa kuyapaka rangi miaka sita mfululizo. Alijua nani anaanika soksi juu ya bomba na nani ameweka sabuni ya kunukia ya kuwaonyesha wageni tu. Hakuwa mmbea, na mji una bahati hakuwa mmbea.

Kazi yake ilikuwa hita. Watu wa mbali hucheka wakisikia kuna mtu anaishi kwa kutengeneza maji ya moto Simiyu, mkoa wenye jua la kuchoma mabati. Wacheke tu. Hawajaamka alfajiri ya mwezi wa saba, upepo unavuka mbuga tupu unakuja kuwapiga kifuani, halafu wakaambiwa wajimwagie maji yaliyolala kwenye tangi. Na kuni zenyewe ziko wapi? Kwa hiyo umeme ulipofika watu walianza na taa, wakaja na redio kubwa, na waliojiweza wakanunua hita ya bafuni: kile kichwa cha plastiki kinachofungwa mwisho wa bomba, kinachochemsha maji yakiwa yanapita. Lakini maji ya visima vya huku yana chumvi, na chumvi hula koili. Haupiti mwaka, hita imekufa, Masunga anaitwa. Anazima swichi kubwa, anafungua kifuniko, ananusa. Kwa kunusa tu alikuwa anajua kama kilichoungua ni koili au ni waya. Hakuwahi kulala njaa.

Bafu moja tu hakuweza kuliingia, nalo lilikuwa la mama wa mkewe.

Felisita alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, mkazi wa kijiji cha Sapiwi, mwenye magoti mabovu na sauti nzuri ya kanisani. Masunga alikuwa mkwe wake kwa miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo alimjua kwa sauti kuliko kwa sura. Wakikutana njiani, Masunga alitoka kwenye njia, akainamisha macho, akasalimia kwa mbali. Hakuwahi kula mbele yake. Hakuwahi kumpa kitu mkono kwa mkono. Aliweka chini, akarudi nyuma, ndipo mama akaokota. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo. Vijana wengi wa siku hizi wanayacheka mambo haya, wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana kwenye harusi. Masunga hakuwa wa aina hiyo. Alijivunia kwamba hakuwa wa aina hiyo.

Hita ya kwanza ya Felisita aliifunga mwenyewe, lakini hiyo ilikuwa kabla mama hajahamia. Januarius, mtoto wa kwanza wa Felisita aliyefanya kazi Mwanza, alikuwa ndiyo kwanza anamalizia kumjengea mama yake nyumba ya matofali, yenye bafu linalofungukia uani. Nyumba isiyoingiwa ni matofali tu, haina mkwe. Siku mama alipoweka beseni lake mle ndani, Masunga hakukanyaga tena.

Mwezi wa sita hita hiyo ilikufa. Bila maji ya moto asubuhi, Felisita hakuweza kukunja goti. Alishuka kitandani kwa kushika ukuta. Januarius akanunua hita mpya, akaituma kwa basi, akapiga simu.

"Shemeji, hita inakuja. Tafuta fundi wa kike."

Alikuwa anatania, maana fundi wa kike hayupo. Mafundi wanaume walikuwepo wengine wawili mjini, na mtu mwenye busara angempeleka mmoja wao, akamaliza kazi. Masunga hakutaka. Angemweleza nini mtu wa kazi moja naye? Kwamba nyumbani kwa mkewe wanaletewa fundi mwingine kama vile yeye hana mikono? Alikata shauri kwamba kazi ataifanya yeye, akiwa nje, na mikono itakuwa ya mkewe.

Milembe alikuwa fundi cherehani. Vidole vyake vilizoea vitu vidogo, na hakuwa mwoga. Jumamosi moja wakapanda pikipiki hadi Sapiwi, wakamsalimia mama, kila mmoja kwa namna yake, kisha Milembe akaingia bafuni na bisibisi, na Masunga akasimama nje chini ya kidirisha, uso ameuelekeza kwenye shamba la pamba, akitoa maelekezo kwa ukuta.

"Nimezima huku barazani. Fungua skrubu mbili za pembeni. Umeona nini?"

"Kimeungua. Kuna kitu kama springi, kimekatika katikati, kina magamba meupe."

"Hiyo ndiyo koili, na magamba ni chumvi. Haifai tena. Toa kichwa chote. Zungushia kushoto."

"Kimeng'ang'ania."

"Jikaze."

"Nimejikaza, baba Winnie! Njoo ujikaze wewe basi!"

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya Felisita akicheka peke yake, na Masunga naye akacheka, mgongo umeegemea ukuta. Ilikuwa siku nzuri. Ndiyo maana baadaye ilimuuma sana kuikumbuka.

Kichwa cha zamani kikatoka. Kipya kikaingia, na utepe mweupe ukazungushwa kwenye nyuzi za bomba mara kumi na mbili kama alivyoagiza. Zikabaki nyaya.

"Ziko tatu," Milembe akasema. "Kahawia, bluu, na wa kijani wenye mstari wa njano."

"Kahawia kwa kahawia. Bluu kwa bluu. Kaza mpaka ukivuta usitoke."

"Tayari. Wa kijani haufiki."

"Haufiki vipi?"

"Unaotoka ukutani umeliwa. Umebaki mfupi kama ukucha, una kutu. Niuunge na nini?"

Masunga alitazama mfuko wake. Roli la waya lilikuwa limebaki Bariadi, juu ya meza, alikoliacha kwa mkono wake mwenyewe. Ule waya wa kijani ndio unaoteremka ardhini kwenye chuma kilichozikwa. Umeme ukipotea njia ndani ya hita, ukaingia kwenye maji, huo waya ndio unaoupeleka chini badala ya kuuacha umpite mtu. Kwa mteja, Masunga asingeondoka bila kuufunga. Aliwahi kugombana na mwenye gesti nzima kwa ajili ya waya kama huo. Lakini hapa alikuwa ukweni, jua lilikuwa limegeuka, mama alikuwa anasubiri maji, na hita ilikuwa mpya, haijaanza kuliwa.

"Uache kwanza," alisema. "Itafanya kazi. Jumamosi ijayo nitaleta kipande cha waya."

Maji yakatoka ya moto. Milembe akapiga kelele, Felisita akapiga vigelegele, na muda mfupi baadaye sauti ya mama ikaja kushukuru kutoka nyuma ya mlango wa jikoni, kwa heshima, bila sura.

"Wabeja, baba. Wabeja sana. Umenipa miguu."

Masunga aliinamisha kichwa kwa mlango uliofungwa. Alirudi mjini ana furaha kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata kukawa na gesti yenye hita nne zilizokufa kwa mpigo. Ile nyingine akaenda Maswa kwenye pampu. Kipande cha waya wa kijani alishakikata, kiko mfukoni kwenye begi la kazi, kimekunjwa vizuri. Kila alipotafuta koleo alikigusa, akasema moyoni, wiki hii. Wiki tatu zikapita hivyo. Hakuwa amesahau. Afadhali angekuwa amesahau.

Siku moja jioni Milembe alikuwa akila akakumbuka.

"Nimeongea na mama leo. Anasema maji yanamtekenya."

Masunga akaacha kutafuna. "Yanamtekenya wapi?"

"Mikononi, akigusa bomba. Anacheka tu, anasema labda ni uzee."

"Mpigie sasa hivi. Mwambie asiiwashe. Asiiguse kabisa mpaka nifike kesho. Mwambie saa tano nitakuwa pale."

Milembe akapiga, akasema kama alivyoambiwa, na sauti ya Felisita ikajibu kwamba sawa, amesikia, mkwe aje salama. Masunga mwenyewe hakushika simu. Kumbe lilikuwepo neno moja ambalo ni fundi tu angejua kulisema: nenda barazani, shusha swichi. Lakini hakuzoea kuzungumza na mama mkwe kwenye simu, na wazo hilo halikumjia mpaka alipokuwa kitandani. Akajisemea kwamba mama amekwisha ambiwa asiiwashe.

Asubuhi Milembe alibaki kwenye cherehani. Shule zilikuwa zinafunguliwa na sare hazijaisha. Walipanga kwamba jirani wa mama, bibi mmoja aitwaye Nyanjige, ndiye atakayekuwa mikono ya Masunga siku hiyo. Masunga akaondoka mapema kuliko alivyoahidi, kwa kuwa mchana alikuwa na kazi nyingine. Saa tatu na nusu alizima pikipiki nje ya uwanja wa Felisita.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio bado mibichi. Jogoo amefungwa mguu karibu na jiko. Masunga alikohoa kama inavyopasa, akabisha hodi. Hakujibiwa. Kisha akasikia maji bafuni.

Felisita alikuwa anajiandaa kumpokea. Baadaye Nyanjige ndiye aliyeeleza: kwamba mama alisema mkwe hapokelewi na mtu anayenuka jasho la pamba, kwamba kitenge kipya kilikuwa kimetandazwa kitandani, na kwamba alipokumbushwa habari ya hita alijibu, kunatekenya kidogo tu, nitaoga harakaharaka. Alijua mgeni ni wa saa tano.

Masunga aligeuza mgongo, akaenda kuketi upande wa pili wa uwanja, kwenye jiwe karibu na kihenge. Alidhani ni maji ya ndoo. Lakini maji ya ndoo humwagika kwa vipindi, na haya yalikuwa yanatiririka bila kukatika. Akainua macho kwenye mita ya umeme barazani. Kile kitaa chekundu kilikuwa kinapepesa mbiombio. Zaidi ya hita, hakuna kitu ndani ya nyumba ile chenye uwezo wa kukifanya kipepese hivyo.

Akasimama. Baraza ilikuwa hatua kumi na tano. Lakini akiukata umeme, mama akiwa na sabuni mwilini, atajua kwamba mkwe yuko uani na anasikiliza akioga. Masunga aliona aibu. Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, fundi wa kutegemewa, alisimama pale anatafuta namna ya kukohoa.

Ndipo beseni likaanguka, na baada ya beseni kitu kizito. Hapakuwa na ukelele. Maji yakaendelea kumwagika.

"Mama!" aliita. "Mama! Mayu!"

Alikimbia barazani, akashusha swichi. Hilo alilifanya upesi, na hakuna wa kumlaumu. Akarudi mbio mpaka mbele ya mlango wa bafu. Ulikuwa mlango wa mbao nyembamba, umefungwa. Chini yake maji yalikuwa yanatoka, yana povu.

Masunga alijua la kufanya. Chuoni walifundishwa, siku nzima, wakipokezana juu ya mdoli wa mpira: ukishakata umeme, mlaze chali, kandamiza kifua kwa nguvu, usiache, usingoje mtu. Mwalimu alikuwa amesema dakika nne, akaandika nne kubwa ubaoni. Mkono wa Masunga ukainuka kuelekea mlango. Akamwona mama wa mkewe kwa mawazo, yuko sakafuni hana hata khanga, na yeye Masunga amepiga magoti juu yake, mikono yake iko kwenye kifua cha mtu ambaye hajawahi kumtazama usoni. Mkono ukarudi.

Akageuka, akakimbilia shambani.

"Wanawake!" alipiga kelele. "Njooni wanawake! Wanawake!"

Wa kwanza kumsikia alikuwa Mayige, mwanamume wa makamo aliyekuwa akichunga ng'ombe kwenye mabua. Alitupa fimbo, akaja mbio, akauliza ni nini. Alikuwa ameshampita kuelekea nyumbani Masunga alipomkamata mkono.

"Si wewe! Mama anaoga! Tafuta wanawake!"

Wakatafuta wanawake. Walikuwa mwisho wa shamba la Nyanjige, wanachuma pamba, na upepo ulikuwa unapeleka sauti upande mwingine. Walipofahamu walikuja wote, Nyanjige mbele na mzigo wa pamba bado umefungwa kiunoni. Masunga aliwaonyesha mlango kwa mbali. Kisha akageuka akatazama ukuta wa kihenge, ili asione, akasimama hivyo mikono nyuma. Alisikia mlango. Alisikia maji yakifungwa. Alisikia Nyanjige akiita, "Feli, Feli, Feli," kwa sauti ndogo kama anayemwamsha mtoto, halafu wanawake wengine wakaanza kulia.

Zahanati waliifikia kwa gari la mtu aliyekuwa amebeba magunia. Mganga, kijana mwenye macho ya usingizi, alisikiliza kifua, akafunika uso. Aliuliza imepita muda gani tangu aanguke. Mmoja akasema nusu saa, mwingine akasema zaidi.

"Umeme husimamisha moyo," mganga alisema. "Mtu akisukumwa kifua mapema, mara nyingine unarudi. Nani alifika kwanza?"

"Mkwe wake," Nyanjige alijibu.

Mganga akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, wala hakuuliza tena.

Polisi walikuja wakaandika ajali. Januarius alifika kutoka Mwanza, akaitazama hita kwa chuki, akasema vitu vya siku hizi ni takataka, akaing'oa kwa nyundo na kuitupa shimoni. Hakuna aliyefungua kifuniko kuangalia nyaya. Masunga angeweza kusema. Alifungua kinywa mara mbili, na mara zote mbili mtu alikuja kumpa mkono wa pole.

Milembe hakuweza kulia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake, anavitazama vidole vyake.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Baada ya katekista kumaliza, Januarius alisimama kutoa shukrani za familia. Aliwashukuru majirani, kwaya, waliotoa maji na waliotoa mahindi. Kisha akamtafuta Masunga kwa macho.

"Na namshukuru shemeji yangu," alisema. "Mama yetu alianguka akiwa katika hali ambayo mama yeyote asingependa kuonekana. Shemeji alikuwepo pale. Hakuingia. Alikimbia kuita wanawake. Siku hizi tuna wakwe wangapi wa namna hiyo? Mama amekwenda na heshima yake. Wabeja, shemeji."

Watu wakaitikia. Wanaume walimpiga Masunga begani. Mzee mmoja asiyemjua alisema ndivyo malezi yanavyotakiwa kuwa. Masunga alikaa kwenye benchi ameinamisha kichwa, na kila aliyemwona alidhani ni huzuni na unyenyekevu. Hata yeye kwa dakika chache alitaka kuamini hivyo. Ilikuwa rahisi, watu mia mbili walikuwa wanamsaidia kuamini.

Nyanjige hakuitikia. Masunga alimwona. Bibi alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, miguu ameinyoosha, anamtazama.

Siku ya tatu matanga yakavunjika. Watu walipoanza kufunga mizigo, Masunga alimfuata Nyanjige nyumbani kwake. Alimkuta amekaa mbele ya rundo la pamba, anatoa majani makavu moja moja. Masunga akasalimia. Bibi akaitikia, hakumwambia aketi.

"Bibi, nataka kukuuliza," Masunga alisema. "Kama ningeingia, ingekuwaje?"

Nyanjige aliendelea kutoa majani.

"Kimila, unauliza?"

"Ndiyo. Kimila."

"Mwaka ule wa Elinino mto ulinichukua," alisema. "Nguo zote zilikwenda na maji. Aliyenitoa ni mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa. Alinibeba mgongoni mpaka kwenye nyumba, kijiji kizima kinatazama. Unajua tulimfanya nini?"

Bibi akatupa jani kavu pembeni.

"Tulimtoza mbuzi mmoja. Tukamchinja, tukamla wote, mkwe mwenyewe akiwemo, tukacheka. Yakaisha. Na walikuwepo wazee waliosema hata huyo mbuzi tunamwonea, kwa sababu kwenye maji, kwenye moto, na mtu akiwa anakufa, hakuna ukwe. Hilo linajulikana tangu zamani." Akainua uso. "Wewe nani alikufundisha? Alikufundisha nusu akaenda wapi?"

"Baba," Masunga alisema. "Alinifundisha kuinamisha macho."

"Basi."

Alisema hilo neno moja bila ukali, akarudi kwenye pamba yake. Masunga alihesabu moyoni. Alikuwa na mbuzi wanane. Alikuwa na wanane, na angeweza kununua wengine.

Walirudi Bariadi Jumatatu. Mchana, watoto wakiwa shuleni, Milembe alikaa kwenye cherehani kwa sababu sare bado hazijaisha na wenyewe walikuwa wanakuja kuulizia. Alijaribu kutia uzi kwenye sindano, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa. Akaweka mikono mapajani.

"Baba Winnie, mimi ndiye niliyemuua mama."

"Usiseme hivyo."

"Uliniambia kaza, nikakaza mbili. Ule wa kijani niliuacha. Nimekaa msibani siku zote hizo watu wananipa pole, na mimi najua. Nilisema haufiki. Ningevuta kidogo labda ungefika."

Masunga alivuta kigoda, akaketi mbele yake. Aliona angeweza kuliacha hapo. Hakuna mwingine duniani aliyejua habari ya waya ule, na Milembe alikuwa ameshaubeba mzigo mwenyewe bila kutwishwa.

"Sikiliza," alisema. "Ule waya mimi ndiye niliyekuambia uuache. Fundi ni mimi. Nilijua kazi yake, wewe hukujua. Niliahidi Jumamosi, nikakaa wiki tatu, na kipande kiko kwenye begi mpaka leo. Si wewe, Milembe. Kokote utakapokuwa, usiseme tena ni wewe."

Milembe alimtazama. Kisha machozi yaliyokuwa yamekataa siku zote hizo yakaja, mengi, bila sauti. Alilia mpaka mabega yakatulia. Akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaushika mkono wa mumewe.

"Ni kosa," alisema. "Mtu hukosea. Wewe pia umefiwa." Akavuta pumzi. "Na kaka alisema kweli. Angalau ulimheshimu mpaka mwisho. Nikikumbuka hilo napata nafuu kidogo."

Masunga aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa mkewe. Alitamani uendelee kuwa hapo.

"Milembe," alisema. "Kuna jambo jingine. Nilisikia alipoanguka. Nilikuwa uani. Umeme niliukata hapohapo, nikafika mlangoni, na nilikuwa najua kumfufua mtu aliyepigwa na umeme. Nilifundishwa. Sikuingia."

"Mlango ulikuwa umefungwa."

"Ulikuwa umefungwa."

"Kwa komeo?"

Nje mtu alikuwa anapita akipiga kengele ya baiskeli. Masunga alisubiri apite.

"Sijui," alisema. "Sikuusukuma."

Polepole, Milembe akautoa mkono wake, akauokota uzi, akaanza tena kuitafuta tundu ya sindano.